Kimburu: Paka Pori Aliyezaa Nyau Wote wa Eastlands, na Vile Wajukuu Wake Wanammaliza

Kila ploti Eastlands iko na nyau wake. Kuna yule wa Kayole mwenye hulala juu ya tangi la maji kama landilodi. Kuna yule wa Jericho mwenye anajua saa kamili mama wa samaki huanza kupaa magamba. Na wale wa soko la Burma, wacha tu, wamenona kuliko wenye bucha.

Sasa cheki hii. Hawa wote, kutoka Shauri Moyo hadi Utawala, wana babu mmoja. Na huyo babu hajadedi. Hayuko kwa makumbusho, hajageuka mifupa. Ako hai, ako Kenya, na giza likiingia leo atatoka kusaka panya kama vile ukoo wake umekuwa ukifanya kabla hata Nairobi haijapata jina.

Anaitwa kimburu. Wengine humwita paka pori ama paka mwitu. Wasomi wa wanyama wanamjua kama Felis lybica. Watu wengi wamewahi kumwona na hawakujua ni yeye, juu anafanana sana na paka wa jirani. Na hapo ndipo shida yake yote inaanzia.

Kwa haraka haraka

- Jina: kimburu, paka pori, paka mwitu
- Jina la kisayansi: Felis lybica
- Uzito: kati ya kilo 3 na 6 hivi, dume akiwa mzito kuliko jike
- Urefu: mwili sentimita 45 hadi 75, mkia sentimita 20 hadi 38
- Chakula: panya kwanza, wengine baadaye
- Mimba: siku 56 hadi 65
- Watoto: wawili hadi watano, mara nyingi watatu
- Makao: karibu Afrika yote isipokuwa misitu minene ya mvua na jangwa tupu, pia sehemu za Uarabuni na Asia

Anakaa aje?

Kwa mbali utasema ni nyau wa kawaida wa mtaa. Mwili ni rangi ya mchanga uliochanganyika na jivu. Wale wa sehemu kavu huwa weupe weupe kidogo, wale wa sehemu za mvua wanakuwa na rangi nzito. Mistari iko mwilini lakini imefifia, kama shati iliyofuliwa mara mia. Kwa miguu ndiyo mistari inaonekana poa, na mkia umezungukwa na pete nyeusi hadi nchani, ambako ni kweusi kabisa. Kifua na shingo huwa vyeupe.

Ukitaka kumjua bila kubahatisha, angalia vitu vitatu.

Ya kwanza ni masikio. Nyuma ya masikio ya kimburu kuna rangi nyekundu ya kutu, kama mabati ya zamani ya Kariobangi. Nyau wa kawaida mara nyingi hana hiyo rangi.

Ya pili ni miguu. Msee ana miguu mirefu. Akitembea, mabega yanapanda na kushuka polepole kama ya duma. Akikaa chini, mwili wake unasimama wima, kifua mbele. Umewahi kuona picha za sanamu za paka wa Misri ya kale, wale wamekaa na heshima kama wafalme? Hiyo ndiyo postura ya kimburu. Nyau wa nyumbani, juu ya miguu mifupi, hawezi kuikalia vizuri hivyo.

Ya tatu ni umbo lote. Hana kitambi. Paka pori aliyenona ni nadra, juu huko hakuna mtu wa kumwekea maziwa kwa kisahani.

Ukimwona paka mwenye madoa meupe, au mweusi na mweupe, ama wa rangi ya machungwa, huyo si kimburu halisi. Hizo rangi zilikuja na maisha ya nyumbani. Huko msituni rangi ya kuonekana ni hukumu ya kifo.

Usimchanganye na hawa

Kila mara video ya mnyama wa usiku ikizunguka WhatsApp, kuna msee lazima aseme ni mtoto wa chui. Tulia kwanza.

Mondo ni mrefu zaidi, ana madoa meusi juu ya manyoya ya dhahabu, masikio makubwa ajabu na mkia mfupi. Uzito wake unaweza kupita kilo 10, kwa hivyo kando yake kimburu ni kijana mdogo. Mondo ndiye bingwa wa kuruka juu ya nyasi na kutua na panya chini ya kucha.

Simbamangu ni mwekundu kahawia bila madoa, na ncha za masikio yake ziko na nywele ndefu nyeusi kama ndevu zilizopotea njia. Huyo ana nguvu ya kuangusha swala mdogo.

Kanu ana madoa, mwili mwembamba na mkia mrefu wenye pete. Watu humwita paka lakini hayuko kwa familia ya paka. Fungo pia, yule mwenye uso kama amevaa barakoa, si paka. Na nguchiro, anayepita barabara akikimbia mchana, hata msimguse kwa hii stori.

Mtaa wake ni wapi?

Ukiuliza kimburu anaishi wapi, jibu rahisi ni: mahali panya wako. Savana, vichaka, nyanda za nyasi, vilima vya mawe, kando ya mashamba. Kenya unaweza kumpata Maasai Mara, Tsavo, Laikipia na Samburu. Ukivuka mpaka, Serengeti iko nao pia.

Sasa rudi hapa kwetu. Eastlands haikuanza na mawe na mabati. Huu upande wote wa mashariki ulikuwa uwanda wa nyasi, ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unashika kiatu na kukataa kukirudisha. Reli ilifika 1899, jiji likaota, na tangu hapo mpaka wa nyumba umekuwa ukisukumwa tu. Kaloleni na Makongeni zikaja. Buruburu ikajengwa kuanzia miaka ya 1970. Halafu Umoja, Kayole, Komarock. Leo tunajenga Utawala, Ruai, na tukifuata Kangundo Road tunafika Kamulu na Joska, ploti ya 50 kwa 100 moja baada ya nyingine.

Hiyo ardhi ya nyasi na vichaka ndiyo kimburu hupenda. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotangazwa rasmi mwaka 1946, ina kilomita mraba 117 peke yake, na upande wa kusini haina ua. Wanyama huvuka mto Mbagathi kuingia nyanda za Kitengela na Athi. Kwa hivyo unapopanda mathree ya kwenda Utawala na kuona bado kuna shamba wazi kando ya barabara, jua hiyo si ardhi "haina kitu". Hiyo ilikuwa keja ya mtu.

Maisha yake ni ya usiku

Kimburu ni msee wa shifti ya usiku. Mchana analala kwa kichaka, kwa shimo lililoachwa na mhanga, kwa mwanya wa mawe au kwa mti wenye uwazi ndani. Jua likizama anatoka. Siku ya mawingu au ya baridi unaweza kumkuta akitembea hata mchana, lakini usitegemee.

Anatembea peke yake. Hana mbogi. Simba wanapenda familia kubwa, lakini huyu hapana. Kila mmoja ana eneo lake, na la dume huwa kubwa, likigusa maeneo ya majike kadhaa. Mipaka haiwekwi kwa ukuta wala waya. Anakojoa kwa vichaka, anakwaruza miti, na ujumbe unafika: hapa kuna mwenyewe, pitia kwingine.

Kazi ni kusaka. Silaha ya kwanza si jino, ni sikio. Anasimama kimya akisikiza panya akitafuna chini ya nyasi, halafu anatambaa tumbo likigusa ardhi, anasimama tena, anatambaa tena. Akifika karibu, anaruka mara moja. Mara nyingine anakaa tu nje ya shimo la panya akingoja kwa subira ambayo sisi hatuna hata tukingoja chapati zigeuzwe.

Panya ndio ugali wake. Ukichunguza kinyesi chake, panya na jamii yao ndio wengi. Wakipungua, anahamia ndege, mijusi, nyoka wadogo, wadudu wakubwa, hata sungura mdogo. Maji anakunywa yakiwepo, lakini anaweza kukaa bila kwa muda, juu mwili wa windo uko na unyevu wa kumtosha.

Na yeye pia anawindwa. Chui, simbamangu, fisi, chatu na ndege wakubwa kama tai wako kwa listi ya maadui. Karibu na watu, adui namba moja ni mbwa.

Mambo ya familia

Jike akiwa tayari, anaita kwa sauti ile ile ambayo wewe huisikia saa tisa usiku juu ya mabati na unatupa kiatu. Dume akifika, mambo yakiisha, anajitoa. Kazi yote ya malezi ni ya mama.

Baada ya kama miezi miwili, watoto wanazaliwa mahali pa siri. Wanazaliwa macho yamefungwa, na yanafunguka baada ya siku kumi hivi. Wakifika mwezi mmoja wanaanza kumfuata mama. Anawaletea panya akiwa bado hai ili wafanye mazoezi. Wakifika miezi mitano ama sita, shule imeisha. Kila mmoja anatafuta eneo lake, na kabla ya kufika mwaka mmoja anaweza kuzaa.

Hao watoto wanakaa wazuri sana, na hapo ndipo watu hukosea. Mtu anawakuta kwa nyasi, anadhani wameachwa, anawabeba nyumbani kwa karatasi. Mara nyingi mama hakuwaacha. Alikuwa kazini.

Vile aliingia kwa keja zetu

Hakuna mtu aliamka asubuhi akasema leo nafuga paka. Stori ilienda hivi.

Takriban miaka 10,000 iliyopita, watu wa Mashariki ya Kati walianza kulima nafaka na kuziweka ghalani. Nafaka ikaita panya. Panya wakaita kimburu. Wale waliokuwa waoga sana walibaki msituni. Wale waliokuwa wanaweza kuvumilia kelele za watu walikula vizuri, wakazaa, na watoto wao wakawa wapole kidogo zaidi. Binadamu akaona faida, akanyamaza. Kwa hivyo nyau alijileta mwenyewe, na ukiangalia tabia zake mpaka leo, bado anakuchukulia kama jirani tu.

Huko kisiwani Kupro, wachimbuaji walipata kaburi la karibu miaka 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka kando yake. Kupro ni kisiwa na haikuwa na paka wa asili, kumaanisha mtu alimpandisha chomboni. Huo ugunduzi ulitangazwa 2004. Halafu 2007 watafiti walipima jeni za karibu paka 1,000 kutoka sehemu tofauti za dunia, wa nyumbani na wa pori. Jibu lilikuwa moja: nyau wote wa nyumbani wanatoka kwa ukoo wa Felis lybica. Awe wa kifahari wa Ufaransa anayekula nyama ya mkebe, awe yule wa Mathare North mwenye sikio moja, babu ni yule yule.

Wamisri wa kale walimpenda zaidi. Walimchonga sanamu, walimpa mungu wa kike mwenye kichwa cha paka aliyeitwa Bastet, na walikausha miili ya paka kwa maelfu. Kutoka huko, meli za wafanyabiashara zilibeba paka kila pembe, juu hakuna nahodha anataka panya kwa shehena.

Hata pwani yetu iko kwa hiyo hadithi. Ukienda Lamu utaona paka kila kona, wembamba na wenye miguu mirefu. Na huko Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna paka wenye manyoya kama gome la mti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wachache walianza kufugwa, baadaye wakapelekwa Denmark, na leo wanajulikana duniani kwa jina la Sokoke. Wengi walidhani ni paka pori. Vipimo vya jeni vilionyesha ni paka wa nyumbani, jamaa ya wale walioletwa na safari za baharini.

Shida iko wapi basi?

Kwa makaratasi, kimburu ako sawa. IUCN, shirika la kimataifa linalopima hali ya viumbe, linamweka kwa kundi la wale ambao hawana tishio kubwa kwa sasa. Ako wengi na ameenea.

Lakini kuna kitu inamla polepole, na si risasi. Ni mapenzi.

Kimburu na nyau wa mtaa bado ni damu moja karibu sana, kwa hivyo wanaweza kuzaana na watoto wao nao wakazaa. Kila mahali watu wanahamia, wanakuja na paka. Paka hawajafungwa uzazi, wanatoka usiku, wanakutana na kimburu pembeni ya mtaa. Watoto wanakuwa machotara. Hao wakizaana tena na nyau wa mtaa, baada ya vizazi kadhaa unabaki na mnyama anayeishi msituni lakini si kimburu tena. Hakuna mzoga, hakuna damu, hakuna habari ya saa moja. Anapotea tu huku tukimwangalia.

Unadhani natia chumvi? Uliza Uskoti. Huko walikuwa na paka pori wao, binamu wa huyu wetu. Uwindaji ulimpunguza, halafu kuzaana na paka wa nyumbani kukamaliza kazi. Wataalamu walifika mahali wakasema waliobaki msituni hawawezi kujiokoa wenyewe tena. Ikabidi wazalishe wengine kwenye vizimba, na 2023 wakaanza kuwaachilia msituni Cairngorms. Hiyo ni gharama kubwa ya kununua tena kitu ulikuwa nacho bure.

Na sisi tunafanya nini? Paka wa ploti anazaa watoto watano, landilodi anafoka, mtu anawaweka kwa gunia, anapanda nduthi, anawatupa kwa shamba wazi huko mwisho wa mtaa. Roho inamwambia amewapa uhai. Wengi wao watakufa njaa au kwa meno ya mbwa. Wale watakaobaki ndio watakaozaana na paka pori, na wanaweza kumwachia magonjwa ya paka, na hata kichaa cha mbwa.

Ya pili ni sumu. Tukiona panya tunakimbilia duka la kona, pakiti ndogo, unachanganya na nyanya, umemaliza. Panya akila hiyo sumu mara nyingi hafi pale pale. Anatembea amelewa, na mnyama wa kwanza kumshika ni nyau, bundi au kimburu. Umemuua panya mmoja na umemuua anayekula panya usiku kucha. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Basi hesabu mwenyewe nani atatawala Kayole.

Ukikutana naye, fanya hivi

Usimkimbize na usimrushie mawe. Kimburu si hatari kwa mtu mzima anayepita na shughuli zake. Atakuangalia, atahepa.

Usimshike. Akibanwa anauma na kukwaruza kama mashine. Mnyama wa pori au paka yeyote usiyemjua akikuuma, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikionyesha dalili, karibu kila mara ni kifo. Chanjo ya mapema ndiyo inaokoa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa kinachosambazwa na mbwa kufikia 2030, na hatutafika huko na watu wanaojipaka mafuta ya taa kwa kidonda.

Usimfuge. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza mtu kukaa na mnyama wa pori bila kibali. Hata ukimlea tangu utotoni, akikua atabaki wa pori. Ukimpata ameumia au amekwama, piga ripoti kwa KWS. Pale lango kuu la Mbuga ya Nairobi kuna kituo cha kulelea wanyama yatima kilichoanzishwa 1964, na kazi kama hiyo wameizoea.

Na nyau wako wa nyumbani? Mfunge uzazi na umpige chanjo. KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wanafanya hiyo kazi, na daktari wa mifugo karibu nawe pia anaweza. Ukiona bei ni noma, wapangaji wa ploti moja mnaweza kuchanga. Mnachanga ya takataka na ya mlinzi kila mwezi, hata hii itawezekana. Paka mmoja jike asiyefungwa anaweza kukuletea watoto mara mbili au tatu kwa mwaka. Fanya hesabu ya miaka mitano uone kama gunia litatosha.

Kuhusu panya, anza na kitu rahisi: takataka zifunikwe, mashimo ya ukuta yazibwe, mtego uwekwe mahali pa sumu. Nyau aliyeshiba na mwenye afya atafanya iliyobaki.

Eastlands itaendelea kupanuka, hiyo hakuna wa kuizuia, watu wanahitaji mahali pa kulala. Lakini kabla ya trela ya mawe kufika kwa ile shamba ya mwisho, kumbuka kuna mpangaji alikuwa hapo kabla ya landilodi, kabla ya chifu, kabla hata ya reli. Hajawahi kulipa kodi. Alilipa kwa panya.